Tunajuaje kwamba doksorubisini imetoka ndani ya liposomu?

Mwanafunzi wa Mbarara:
Wanajukwaa, hamjambo. Ninasomea famasia, lakini swali hili lilianza nyumbani. Shangazi yangu alitibiwa saratani ya matiti kwa doksorubisini, ile dawa nyekundu inayotiwa mshipani, na uvimbe ukapungua. Ila madaktari walilazimika kuisitisha kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kudhoofika. Nimesoma kwamba dawa hiyohiyo ikifungiwa ndani ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kama liposomu, haiudhuru moyo kwa kiwango kile. Nisichoelewa ni namna ya kutambua kwamba imetoka ndani ya chembe, maana ikibaki imefungwa haimtibu mtu. Je, inaweza kupimwa kwa vifaa vya kawaida?

Mkemia wa Kampala:
Pole sana kwa yaliyomfika shangazi, ndugu yangu.

Liposomu ni kipovu cha mafuta chenye upana wa takriban nanomita 100. Kuta za mishipa ya damu ya moyo zimeshikana, hivyo hazipitishi kipovu hicho kwa urahisi, ilhali mishipa ya uvimbe mara nyingi huvuja. Liposomu ya kwanza ya doksorubisini, Doxil, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, maradhi ambayo sisi Waganda tunayafahamu vizuri mno.

Sasa jibu lako. Doksorubisini ina mwanga wake yenyewe: ukiimulika kwa mwanga wa buluu wa takriban nanomita 480, nayo hutoa mwanga wa rangi ya machungwa iliyokolea, karibu na nanomita 590. Ndani ya liposomu dawa huvutwa na salfeti ya amonia iliyotangulia kuwekwa humo, ikasongamana hadi kuwa fuwele, na molekuli zilizobanana hivyo huzimiana mwanga. Zikitoka na kutawanyika, mwanga hurudi. Kwa hiyo, huhitaji kubandika rangi yoyote juu ya chembe. Dawa inajitangaza yenyewe, na fluorimita ya kawaida, yaani kifaa cha maabara kinachopima mwanga wa aina hii, inatosha. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika elimu hii.

Muuguzi wa wodi ya saratani:
Ahsante, mwalimu. Naomba kuongeza la wodini: dawa ya liposomu huweza kuchubua viganja na nyayo, na kipimo chake si sawa na cha ile ya kawaida, hivyo mtu asibadilishe moja kwa nyingine kwa mazoea. Huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, wala isigandishwe. Umeme ukikatika usiku, hilo ndilo hutunyima usingizi. Je, mwanga huo unaweza kuonekana ndani ya mwili wa mgonjwa?

Mkemia wa Kampala:
La, dada. Damu na nyama huumeza mwanga huo kabla haujafika nje. Hata katika sampuli ya damu kuna kikwazo, kwani mwili hugeuza sehemu ya dawa kuwa doksorubisinoli, nayo hung'aa vilevile, kwa hiyo ni lazima vitenganishwe kwanza kwa kromatografia, yaani mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Njia nyingine ni chembe za dhahabu au fedha, ambazo hukuza mno ishara ya Raman, yaani mwanga unaotawanywa kwa namna inayoitambulisha molekuli, ya molekuli iliyozigusa, hata dawa kidogo sana ikatambulika. Tusijidanganye pia kuhusu ubebaji: mapitio ya tafiti za wanyama yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe.

Mwanafunzi wa Mbarara:
Nashukuru sana, mwalimu. Nikiona mwanga umeongezeka, nitajuaje umeongezeka kwa asilimia ngapi ya dawa yote?

Mkemia wa Kampala:
Pima mwanga kabla ya jaribio, kisha kila baada ya muda ulioupanga. Mwishoni tia Triton X-100, sabuni ya maabara inayovunja liposomu zote, upime tena. Kipimo hicho cha mwisho ndicho asilimia 100 yako. Usisahau kutoa ule mwanga wa mwanzo katika kila hesabu.