Tupeane uzoefu: kazi ya mshahara, miradi ya umeme mezani na pipa la bia kabatini

Kimea Mbichi
Wakuu, leo kazini mwenzangu kaniuliza swali: unafanya kazi kutwa, ukirudi unashika waya na risasi ya kulehemu, wikiendi unapika bia, unalala saa ngapi? Nikajua humu tupo wengi wa namna hii, ila kila mtu anahangaika kivyake. Tupeane uzoefu.

Naanza mimi. Hizi starehe mbili haziendi kwa saa moja. Programu ukiiacha nusu leo, wiki ijayo utaikuta palepale. Hamira haina habari na ratiba yako. Ukishaimwaga kwenye maji ya kimea, siku mbili tatu za mwanzo ndizo zinazoamua ladha, na hapo joto likipanda hovyo hakuna apdeti ya kurekebisha baadaye. Kwa hiyo kwangu hamira ndiyo inayopanga kalenda, kazi inafuata, na kompyuta zinapata muda unaobaki. Wiki yenye kikao kikubwa kazini sipiki kabisa. Wiki hiyo nalehemu.

Mwenye kisa chake akimwage hapa, hasa pale mambo matatu yalipogongana siku moja.

Zamu ya Usiku
Nakazia. Hamira haiombi ruhusa kwa bosi.

Binti Seva
Asante kwa uzi, umenigusa. Mimi nina kazi, nina watoto, na nina seva inayoendesha taa, kamera na mapipa yangu mawili. Kilichokuwa kinanimaliza ni ile siku ya kupika. Kuloweka kimea kwenye nyuzi 66 ni saa nzima, kuchemsha saa nyingine, halafu kupasha maji, kupoza, kuosha vyombo. Ukijumlisha ni kama saa tano au sita, na hizo saa zote ulizichukua kwa watu wengine.

Sasa naigawa. Jioni ya kwanza nalowesha kimea na kuchuja wakati watoto wanafanya kazi zao za shule mezani hapohapo jikoni. Jioni ya pili nachemsha na kutia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kupoza nimeacha kabisa: namimina hayo maji ya kimea yakiwa moto kwenye dumu la plastiki nzito linalohimili joto na lililotengenezwa kwa chakula, nalifunga, nalilaza ubavu ili moto uguse kila kona na mfuniko, kisha nalala. Kesho yake jioni limeshapoa, natia hamira. Hopsi za mwisho zinaongeza uchungu kidogo kwa sababu maji yanakaa na joto muda mrefu, kwa hiyo unazichelewesha au unazipunguza.

Ila msiache maji ya kimea ambayo hayajachemshwa yakapoa mpaka kesho yake. Kimea kina vijidudu vyake, na joto likishuka vya kutosha vinaanza kuchachusha kabla yako. Mimi nayapasha mpaka karibu na kuchemka, nafunika, ndipo naondoka jikoni.

Mpenda Kimya
Dada umesema vizuri, ila hiyo seva ya kuendesha mapipa mawili ndiyo inayokula muda wako. Kipimajoto cha kubandika ubavuni mwa pipa na daftari vinatosha. Watu wanapika bia nzuri na hawana hata waifai.

Mzee wa Relei
Mpenda Kimya, kila uzi wewe na daftari lako. Daftari halizimi friji saa nane usiku.

Mpenda Kimya
Wala halikuamshi saa nane usiku kwa sababu memori kadi imekufa, mzee wangu.

Povu
Hapo kwenye kuamshwa mmenikumbusha mbali. Ngoja niwape hiki kisa, kaeni vizuri.

Pipa langu lilikuwa kabatini, chini yake mkeka wa joto, ubavuni kihisi cha joto cha DS18B20, na kompyuta ndogo inawasha na kuzima mkeka kwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na programu, ili joto libaki nyuzi 20. Rafu ya chini kulikuwa na seva ya nyumbani yenye picha zote za familia. Mfumo ulikuwa umetembea miezi bila tatizo.

Siku hiyo nina kikao na wateja, mimi ndiye msemaji. Nimesimama mbele, simu inatetemeka mfukoni. Naiacha. Inatetemeka tena. Nikapata upenyo wa kuichungulia: nyuzi 23. Nikasema hiyo hamira imechangamka, inatoa joto lake, itatulia. Nikaendelea na maelezo. Dakika kumi baadaye, 26. Nikabonyeza zima. Skrini ikajibu imezimwa. Nikapumua.

29.

Wakuu, hakuna kitu kinachoumiza kama kuangalia mchoro unapanda huku mfumo wako mwenyewe unakuapia kwamba umezima. Mteja ananiuliza swali la malipo, mimi namjibu, akili iko kabatini. 31. Nikaomba udhuru, nikatoka koridoni, nikampigia mdogo wangu aliyekuwa nyumbani. Nikamwambia chomoa waya wa mkeka ukutani, usiguse kingine chochote. Akachomoa, akanirudia: "Kaka nimetoa, lakini hili dude limevimba juu."

Kumbe povu lilipanda mpaka kwenye kizibo cha kutolea gesi, majani ya hopsi yakaziba kitundu, na mfuniko ulikuwa umebinuka. Nikamwambia fungua dirisha, toka nje, nakuja. Yeye kwa huruma yake akataka kunisaidia. Akagusa kizibo.

Nilisikia mlio kwenye simu, halafu kimya, halafu "Kaka!" Povu lilifika dari. Hopsi ukutani, hopsi kwenye nguo zilizokuwa zinaning'inia, na bia ikatiririka rafu kwa rafu mpaka kwenye seva ya picha. Mdogo wangu alikuwa mzima, ameloa tu, na hilo ndilo nililouliza mwanzo kabla ya chochote.

Nikarudi kikaoni nikamaliza. Jioni nikafungua ile relei kwa bisibisi: vibati viwili vya ndani vilikuwa vimeshikana kwa cheche. Programu ilikuwa inaamuru zima na relei inatii kwa sumaku, ila umeme unapita vilevile.

Binti Seva
Picha zilipona?????

Zamu ya Usiku
Na mimi nasubiri jibu la picha.

Kimea Mbichi
Mdogo wako apewe zawadi aisee. Picha je?

Povu
Zilipona. Seva yenyewe ilikufa, lakini nilikuwa nafuata ile kanuni ya nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski ya nje iko kwa mama. Nilienda kuichukua, nikakaa kula, nikarudi na picha zote.

Mzee wa Relei
Ndugu Povu pole, na ahsante kwa kulileta hili kwa undani. Wadau someni mara mbili. Relei ya sumaku inakufa kwa vibati kushikana. Ile ya kielektroniki isiyo na kitu kinachotembea ndani, nayo ikifa mara nyingi inabaki imewasha. Kwa hiyo programu isiwe breki ya mwisho kwenye kitu chochote kinachotoa joto. Weka fyuzi ya joto au thamostati ya kawaida kwenye waya wa mkeka wenyewe, inayokata umeme bila kuuliza kompyuta. Hii siyo ya bia tu. Nyumba zinaungua.

Na kizibo kidogo siyo cha siku za mwanzo. Weka mpira mnene, mwisho wake uuzamishe kwenye ndoo ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu, mpaka vurugu iishe.

Mpenda Kimya
Au tumia hamira isiyohitaji mkeka. Kveik, ile ya wakulima wa Norwei, inachapa kazi hata nyuzi 35 na ladha inabaki safi. Tatizo la Povu lisingekuwepo.

Mzee wa Relei
Kizibo kingeziba vilevile, tena haraka zaidi. Halafu siyo kila mtu anataka ladha ya kveik. Anayetaka lager anahitaji nyuzi 8 hadi 13, hapo bila friji na kidhibiti utafanyaje? Utaliimbia pipa?

Mpenda Kimya
Nitapika lager msimu wa baridi. Siyo lazima kila bia ipatikane kila mwezi.

Hesabu Kwanza
Mnagombana bure, nyote wawili mna upande. Ila nina neno kwa wanaosema tangu nifunge vihisi bia yangu imekuwa bora. Pipa moja halithibitishi kitu. William Gosset alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness, na kazi yake ya kupima malighafi kwa sampuli chache ndiyo iliyomfikisha kwenye ile hesabu ya t-test aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la Student. Wanafunzi wanaisoma mpaka leo. Swali lake ndilo letu: ukiwa na vipimo vichache, utajuaje tofauti ni ya kweli? Rudia mapishi yaleyale, badilisha kitu kimoja, mwenzako akuonjeshe bila kukuambia ipi ni ipi.

Na kwa anayedhani kuchanganya kazi na majaribio ya nyumbani ni mambo ya vijana wa sasa: James Joule, ambaye jina lake ni kipimo cha nishati, alifanya majaribio yake ya joto huku akiendesha kiwanda cha bia cha familia huko Salford, Uingereza, mpaka kilipouzwa mwaka 1854. Vipimajoto vyake vilikuwa vya usahihi mkubwa kwa zama zile. Kwa hiyo Mzee wa Relei na Mpenda Kimya, nyote ni watoto wa Joule.

Mpenda Kimya
Joule alikuwa na daftari.

Binti Seva
Tuachane na hilo tafadhali. Povu, ile bia iliyobaki uliimwaga?

Povu
Ilibaki kama nusu. Nikaiacha imalize, nikaonja. Harufu kali ya kiyeyusho cha rangi, na koo linachoma. Nikamwaga.

Kimea Mbichi
Ulifanya sawa. Hamira ikipelekeshwa kwenye joto la juu siku za mwanzo inatoa zile pombe nzito, na hazipungui kwa kungoja.

Zamu ya Usiku
Mimi nisingemwaga, ningeipa miezi sita.

Mzee wa Relei
Miezi sita chupa zimeshika nafasi kabatini kwa ajili ya kitu kinachochoma koo? Mwaga, osha, pika upya.

Mgeni Hapa
Habarini. Nafanya kazi ya ofisini, nataka kuanza vyote viwili, bia na hivi vifaa. Nianze na kipi?

Binti Seva
Karibu sana. Bia kwanza, lita 10 tu, kwa unga wa dondoo ya kimea ulio tayari. Unaruka kuloweka na kuchuja, jioni moja inatosha. Kwanza angalia sheria ya unapoishi inasemaje kuhusu kujipikia.

Mzee wa Relei
Vifaa kwanza. Funga kihisi kimoja, acha kirekodi joto la kabati wiki nzima bila kuwasha chochote. Utajua kabati lako lina tabia gani kabla hujamwaga hata tone. Na ukifika kwenye friji, usiruhusu programu iiwashe papo hapo baada ya kuzima. Ipe dakika tano, kompresa ishushe presha.

Mpenda Kimya
Daftari.

Povu
Mgeni, anza na chochote, ila usiweke seva chini ya pipa.

Mgeni Hapa
Nashukuru, ila sasa nimechanganyikiwa zaidi 😅

Zamu ya Usiku
Wakuu nachomekea langu. Nimetoka zamu sasa hivi. Bia yangu ilianza na uzito wa 1.052 (maji matupu ni 1.000, na namba inashuka hamira ikila sukari), ile iSpindel yangu, kipimo kinachoelea ndani ya pipa, inaniambia 1.018 na imekwama hapo. Jumamosi niko huru, wiki ijayo sipo kabisa. Nataka kutia chupani kesho jioni.

Kimea Mbichi
Usitie. Hicho kifaa kinasoma kwa kuinama, povu na hopsi zikiganda juu yake kinakudanganya. Toa sampuli, pima kwa hidromita ya kioo.

Zamu ya Usiku
Nimepima. 1.012. Kweli kilikuwa kinadanganya. Hiyo ni kama asilimia 5.25 ya pombe, nimefika. Basi kesho?

Binti Seva
Hapana mdogo wangu. Pima tena kesho, pima Jumamosi asubuhi. Ikibaki 1.012 ndipo utie chupani, na sukari ya kuleta gesi gramu 6 tu kwa kila lita. Ikiwa bado inashuka, iache pipani hadi urudi, wiki moja zaidi haiidhuru. Chupa ya kioo yenye sukari ambayo hamira haijamaliza inapasuka, na wewe hutakuwepo nyumbani, watakuwepo wengine.

Mzee wa Relei
Na chupa moja iwe ya plastiki. Mtu wa nyumbani awe anaibonyeza kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe mapema, zote ziingie kwenye friji.

Zamu ya Usiku
Sawa. Jumamosi asubuhi nitaweka namba hapa.