Majirani wapya wametoka Nyarugusu, kanisa letu liwasaidie vipi bila kuwadhalilisha?

tumaini_KY
Bwana asifiwe wapendwa. Niko Louisville, Kentucky, huku Marekani. Mtaani kwetu imehamia familia ya Wakongo, baba, mama na watoto, walikuwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na watoto karibu wote wamezaliwa humo humo kambini. Walifika mwishoni mwa 2024, halafu Januari 2025 serikali ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, shirika lililowaleta likapunguza watu na yule aliyekuwa anawashughulikia kaondoka. Kanisani watu wana moyo kweli, wameleta nguo mpaka mama wa watu hana pa kuziweka. Ila juzi nimeenda kuwasalimia nikaona mezani mfuko umejaa barua, hakuna hata moja iliyofunguliwa, nikajua hapa shida sio nguo. Tuanzie wapi? Sitaki wajione ombaomba.

wa_Fizi
Aksanti ndugu kwa kuuliza. Mimi nimekulia Nyarugusu pia. Anzeni na hizo barua, kaa na baba na mama wote wawili, fungueni moja moja, za serikali huku, za hospitali kule, za shule kule, matangazo tupa. Muangalie bili ya mkopo wa ndege, wengi wetu tunafika hatujaelewa vizuri kwamba ile tiketi ya IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji) ni deni, riba haina lakini baada ya miezi kama sita linaanza kudaiwa na usipolipa linakuharibia kredit, yaani rekodi yako ya kulipa madeni. Ukiwapigia simu wanaodai ukaeleza hali yako mnaweza kupanga upya kiasi cha kila mwezi.
Halafu kama wametimiza mwaka wanatakiwa kuomba green card, kadi ya ukaazi wa kudumu. Tafadhali usiwajazie fomu wewe hata kama kiingereza chako kizuri, tafuta mwanasheria wa uhamiaji au mtu wa shirika aliyeidhinishwa na serikali kwa kazi hiyo, maana matapeli wa fomu ni wengi na kosa dogo linamtesa mtu miaka. Na wakihama nyumba wana siku 10 tu za kuwajulisha USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya.

mama_kwaya
Naongezea usafiri. Baba akishapata shifti ya usiku ndio gari limeondoka, mama anabaki ndani na watoto, kliniki hafiki, dukani hafiki. Kwetu kina mama tuligawana zamu za kuwapeleka watu, ikasaidia lakini tulichoka, mpaka mzee mmoja mstaafu wa kanisani akajitolea kumfundisha dada mmoja kuendesha, kila jumamosi kwenye parking ya kanisa, kurudi nyuma, kupaki, kurudi nyuma, kupaki. Alivyopata leseni yeye ndiye akaanza kupeleka wenzake kliniki.
Na jamani msimfanye mtoto mkalimani hospitali. Mtoto wa darasa la sita anamwambia mama yake majibu ya vipimo, haifai kabisa! Hospitali inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa itoe mkalimani bure, hata kwa simu, mwambie mama aombe Kiswahili au Kibembe, anachokielewa zaidi.

mzee_wa_usharika
Wengi hao walikuwa wazee wa kanisa, walimu wa kwaya, wachungaji kabisa huko kambini. Msiwapokee kama watu wa kuanza kufundishwa imani. Waulize kwanza wanasali wapi, Wakongo wengi wana makanisa yao, wanatumia jengo la Wamethodisti au Wabaptisti mchana wenye jengo wakishamaliza ibada. Na wakiwa hawasali kabisa, au ni Waislamu, msaada ni ule ule. Walawi 19:34 inasema mgeni apendwe, masharti haijaweka. Wakiwapikia sombe (kisamvu) na ugali wa muhogo kaeni mle, msikimbilie kuondoka, mtu anayepokea tu kila siku anachoka rohoni.

tumaini_KY
Mbarikiwe sana. Jumamosi naenda kwa ajili ya barua, na nitaongea na mchungaji habari ya mwanasheria. Mama kumbe Kiswahili anasikia kidogo, anaongea zaidi Kibembe, kuna mtu huku?

wa_Fizi
Mke wangu ni Mbembe na tuko Kentucky hapa hapa. Nitumie namba inbox, atampigia leo jioni akitoka kazini.