Wenye ulemavu wakishamaliza shule, halafu nini?

Mtu wa Igoma: Wakuu, watoto wenye ulemavu tunawapeleka shule, tunapiga nao picha, basi. Wakimaliza kidato cha nne je? Kijana wa jirani yangu ni kiziwi, cheti anacho, anashinda barazani anahesabu bajaji. Mimi nasema mwaka wa mwisho wawe wanakwenda chuo cha ufundi cha VETA Nyakato hapa Mwanza au kwa mafundi mitaani siku mbili kwa wiki, wajulikane mapema. Logarithimu haitakimbia.

Sangara Mkavu: Shida wote wanafundishwa cherehani. Mmoja nilimpa kitambaa, akanirudishia suruali mguu mmoja wa kawaida, mwingine wa kuvukia mafuriko ya mto Mirongo.

Mama Sare: Sangara, mafundi wazima hawajawahi kukuharibia? Mimi niko kwenye kitimwendo na nashona sare, ikifika Januari silali. Ilete hiyo suruali tuone mwenye kosa ni fundi au kitambi.

Sangara Mkavu: Kitambi changu kimeingiaje hapa dada?

Mwaloni: Kimeingia na ugali wa sato 😂

Mwaloni: Ila tuseme ukweli, sheria ya 2010 si inamtaka mwajiri mwenye watu kuanzia 20 awe na asilimia 2 ya wenye ulemavu? Nani ameiona?

Mwalimu Mstaafu: Ajira ni 3, kijana. Hiyo 2 ni mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2.

Mwaloni: Si ilifutwa?

Mwalimu Mstaafu: Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Muwe mnasoma.

Mama Sare: Shikamoo mwalimu, ila kusoma tumesoma. Mwenzangu kiziwi alikwenda ofisi fulani kuulizia mkopo, lugha ya alama hakuna aijuaye, akaandika shida yake kwenye karatasi. Akajibiwa aje na mzazi. Ana mke na watoto!

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hilo ni la mtumishi mmoja, usilaumu mpango mzima.

Mama Sare: Mmoja huyo huyo ndiye mwenye muhuri.

Mtu wa Igoma: Jamani, mimi niliuliza shule ifanye nini.

Sangara Mkavu: Ifundishe kupima mguu.

Mama Sare: Njoo Jumatatu na hela mkononi. Kwa mdomo huo, sikukopeshi.