Mjadala: Pemba ipewe utabiri wake wa mvua, isitiwe fungu moja na pwani nzima

Mwenye mada (Wete)
Vuli iliyopita niliacha karafuu juani, majamvi manne, nikaenda msibani Konde. Asubuhi redioni nilisikia mvua kwa "baadhi ya maeneo" ya Unguja na Pemba. Maneno hayo nayasikia tangu niko skuli, sikuyatia maanani. Saa nane mchana, Konde jua linapasua kichwa, napigiwa simu: Wete imepiga mvua mpaka majamvi yanaelea, watoto wameanua nusu tu. Karafuu ya siku ya tatu, imebakisha jua moja kukauka, ikirowa hupauka na kuingia ukungu, na pale kituo cha kununulia karafuu bei huenda kwa daraja.

Kosa ni langu. Ila hata ningeujali, utabiri ule ungenifaa nini? Nikianua kila ninaposikia "baadhi ya maeneo", karafuu zitakauka mwakani.

Pemba haifiki kilomita 70 kwa urefu, lakini Micheweni kwenye mawe na Mkoani kwenye vilima hawapati mvua moja. Hata ule utabiri wa msimu, "wastani hadi juu ya wastani", mkulima wa Micheweni anaupangia nini? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ilitoa taarifa mfululizo, kimefika wapi, kinakwenda kasi gani. Kwa hiyo wakitaka wanaweza. Nasema tupewe utabiri wa saa chache, wilaya kwa wilaya, na kila shehia, yaani kila eneo lenye sheha wake, iwe na kipimamvua.

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, nimewahi kufanya kazi hizi, naomba usichanganye. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita, setilaiti inakiona siku kadhaa kabla. Wingu lililokurowesha huenda halikufika kilomita kumi, limezaliwa saa saba na saa tisa halipo. Kulitaja kwa jina la kijiji tangu asubuhi haiwezekani, si hapa si Ulaya. Ndiyo maana ya "baadhi ya maeneo": mvua ipo, mahali hapajulikani.

Na kipimamvua hakitabiri. Kinapima iliyokwisha nyesha. Chombo cha kuonya saa moja kabla ni rada, na ile ya Dar es Salaam iko kiasi cha kilomita 200 kutoka Wete. Dunia ni mviringo; mwale wa rada ukifika kwenu umeshapanda kama kilomita nne juu, na mawingu mengi ya mvua za baharini yanapita chini yake. Daini rada, mabati ya kukinga maji waachieni watoto.

Mchangiaji wa pili
Wazee wetu walihesabu miongo ya Nairuzi, ule mwaka wetu wa kienyeji, siku kumi kumi, wakajua lini wapande na lini bahari ichafuke. Hakuna aliyengoja redio.

Mwenye mada
Mzee wangu, miongo naiheshimu, babu yangu hakupanda mpunga bila kuihesabu. Lakini mwongo unakupa majira, haukwambii kama leo saa nane uanue.

Kuhusu rada nimekubali, sikulijua hilo la mwale. Kipimamvua sikiachi. Mvua kubwa kwa hesabu za TMA ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 30 zikimwagika kwa nusu saa hazifiki hapo, na majamvi yangu yameshakwenda na maji. Siku ile kituo cha uwanja wa ndege Chake Chake kikiandika sifuri, kwenye daftari Wete haikunyesha. Sasa nani atajua utabiri ulikosea au ulipatia? Sisi tunapiga kelele, wao wana daftari, na daftari halina Wete. Hiyo rada yenyewe ikija, itasahihishwa kwa kipimo gani kama chini hakuna kilichopimwa?

Mchangiaji wa kwanza
Hapo umenishika. Lakini kipimamvua kinasomwa saa tatu asubuhi kila siku, Idi na Ijumaa, mvua na jua. Wilaya nne, shehia chungu nzima. Nani atasoma, na atalipwa na nani? Usiniambie sheha.

Mwenye mada
Sheha wetu simu yenyewe hapokei. Nilikuwa nafikiria skuli.

Mchangiaji wa tatu
Skuli zikifungwa je? Masika hunyesha hata likizo.