Huyu mfuta koma leo kanifikisha pabaya

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule anayejiita mhariri, akipita kwenye kazi yako unabaki na mifupa.

Kwenye taarifa niliandika: "While the chairman was eating, the guests arrived." Koma imetulia mahali pake. Kaifuta! Leo asubuhi watu wote wamepokea: "While the chairman was eating the guests arrived." Mwenyekiti anakula wageni, na jina lililo chini ni langu!

Hilo ningemeza. Kikaoni watu wanavunjika mbavu, yeye ananigeukia: "Ndiyo maana nakwambia ukajifunze Kiingereza." MIMI! Koma afute yeye, darasani niende mimi!

Sentensi ikianza na while, when, if au although, kishazi tegemezi kikiisha unatia koma, ndipo kishazi huru kianze. Kishazi tegemezi kikija nyuma, mara nyingi koma haitakiwi: "The guests arrived while the chairman was eating." Yeye mbele anafuta, nyuma anapachika. Jana kaniwekea "We left, because it rained." Huyu akihariri hati ya ndoa, watu wanatoka wameachana.

Ila "ukajifunze Kiingereza"? Mbele za watu? Wakati wageni wameliwa kwa mkono wake?

Nukta Pacha: Pole mkuu. Wa kwetu alipitisha "After washing the children went to bed." Hadi leo hatujui nani alimwosha nani.

Kalamu Kavu: Mleta mada punguza povu. Kirai kifupi cha mwanzo koma si lazima. "In 2019 we moved" ina kosa gani?

Mleta mada: Haina, kwa sababu maana haipotei! Hapa watu WAMELIWA, halafu naambiwa nikajifunze Kiingereza!

Kalamu Kavu: Mwenyekiti alishiba lakini?

Bibi Sarufi: Mnalilia koma ya mwanzo, wakati ya kwenye orodha ndiyo inayofilisi. Kule Maine, Marekani, madereva wa maziwa walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilikosa koma moja kabla ya "or", mahakama ya rufaa ikawapa ushindi 2017. Mwaka uliofuata kampuni ikamalizana nao kwa dola milioni 5.

Kalamu Kavu: Milioni 5! Mleta mada, kashtaki.

Nukta Pacha: Mimi wanaonimaliza ni wanaounga sentensi mbili kwa koma tupu. "It was late, we went home." Weka nukta, ndugu yangu, nukta ni bure!

Mleta mada: Jamani, turudi kwa huyu mtu. Kaniambia NIKAJIFUNZE.

Bibi Sarufi: Nukta Pacha, bora hao. Kwetu yupo anayetia nukta mkato hadi baada ya "Dear Sir".

Nukta Pacha: Weee! Fungua uzi wake, huyo anastahili wa peke yake.