Wafanyakazi wangu wamepoa kabisa, morali nairudishaje?

Mdau_wa_Ujiji:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni supavaiza sehemu moja tunakausha na kufungasha dagaa huku Kigoma, wengi ninaowasimamia ni akina mama wa kuanika na kuchambua na vijana wachache wa kubeba. Zamani walikuwa wanachapa kazi mpaka raha, mzigo ukishuka asubuhi kabla jua halijakolea vichanja vishajaa. Siku hizi ukigeuka tu watu wamekaa, dagaa hawageuzwi, takataka zinapita mpaka kwenye mifuko na mteja wa Dar anapiga simu analalamika. Bosi akaleta mfanyakazi bora wa mwezi, picha ukutani na zawadi ya kitenge, haikupita muda watu wakaanza kununiana na yule mama aliyeshinda akaambiwa anapeleka maneno ofisini. Mshahara bosi kasema haupandi kwa sasa. Naombeni mbinu za kuwapa watu hamasa bila hela nyingi. Ah, na masika iliyopita mzigo mwingi ulilowa ukaharibika, bosi akawakata wote ile hasara, ila hilo lilishapita.

Binti_Mwandiga:
Kaka hilo halijapita, limepita kwako na kwa bosi. Mimi nimeshaanika dagaa, najua hela ile inavyopangwa, hii ya unga, hii ya mchango wa kikoba, hii ya daftari za watoto, sasa mwisho wa mwezi unapewa pungufu eti mvua ilinyesha, na mvua mwenyewe hukuiita! Halafu unabandikiwa picha ya mwenzio ukutani. Swali langu moja tu, maturubai ya kufunika yalikuwepo siku hiyo, na nani alikuwa na jukumu la kusema tufunike?

Mdau_wa_Ujiji:
Maturubai yalikuwepo machache, mengine yametoboka. Wao wanasema waliona wingu kule Kongo mapema ila hawakuruhusiwa kuanua bila oda ya ofisi, na ofisini siku hiyo hakukuwa na mtu.

HR_Tabora:
Mkuu nakusalimu kutoka Tabora, nafanya kazi za utumishi. Hapo kwanza kuna suala la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 hairuhusu mwajiri kukata hasara anavyojisikia. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kukata kundi zima kwa sababu ya mvua hakuna hata kimoja hapo kilichofuatwa, siku mmoja wao akienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, bosi wako atapata shida kubwa kuliko huo mzigo. Angalia pia ovataimu, zile siku dagaa wanashuka wengi watu wanabaki mpaka giza, sheria inasema saa 45 kwa wiki na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu.

La pili, umeuliza hamasa. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Frederick Herzberg, mwaka 1959 alieleza kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayompa ari sio mizani moja. Malipo, usimamizi, mazingira ya kazi, hivyo vikiwa vibovu mtu anachukia, ukivirekebisha anaacha kuchukia lakini bado hajapata ari. Ari inatoka kwenye kazi yenyewe, kuaminiwa, kupewa jukumu, kuona umefanikisha kitu. Bosi wako ameanza na sifa huku yale ya kukera yako palepale, ndio maana kitenge kimeleta ugomvi. Mimi ningeanza na kurudisha makato, hata kama ni kidogo kidogo.

Mzee_wa_Katonga:
Wanangu mmesema vizuri. Mimi ni mtu wa ziwani, huko mavuno yakishapatikana tunatoa mafuta na gharama zingine, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi na kila mtu anaona hesabu. Usiku mbaya wote tunakosa, hakuna anayenung'unika maana kaona kwa macho yake. Hao akina mama wanaona hasara tu, siku mzigo ukipata bei nzuri huko Dar wao hawaambiwi kitu. Waonyesheni hesabu.

Na mbalamwezi je, dagaa hawapatikani, watu wako wanafanya nini zile siku? Kama mnawarudisha nyumbani bila kitu ujue wanatafuta pengine. Zile ndio siku za kushona maturubai na kutengeneza vichanja kwa malipo, na likizo zao zipangwe hapo au ziwa likifungwa tusivue, kama 2024 lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti.

HR_Tabora:
Shikamoo mzee, hapo kwenye likizo ni sawa kabisa, ni siku 28 kwa mwaka na ilipwe.

Mdau_wa_Ujiji:
Nashukuruni sana wakuu, shikamoo mzee wangu. Makato nitampelekea bosi na hicho kifungu mkononi, sijui atapokeaje. Hili la kuanua liko ndani ya uwezo wangu, kesho asubuhi nawaambia yeyote akiona wingu aite wenzie waanue, hakuna kusubiri ofisi.

Binti_Mwandiga:
Sasa hapo umeongea kaka. Ila waambie mbele ya bosi, asije mtu akaanua halafu jua likatoka akagombezwa. Na muwaulize wao wenyewe hiyo picha ya ukutani ibaki au itoke, yule mama wa kitenge mwanzeni yeye, muulizeni pembeni.