Amekula nyanya yangu. Ile MOJA. Mbele ya wageni!

Mzee wa Ng'apa
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira.

Leo saa nne asubuhi, hapa Ng'apa, Lindi, ndani ya grinihausi niliyojenga kwa hela yangu ya korosho, mtu kaingia na wageni saba, kachuma nyanya, kala. Najua kuna watu watasema "si nyanya tu". Ilikuwa MOJA. Miche 300, iliyozaa ikaiva ni MOJA.

Mtu mwenyewe simtaji, mnamjua. Yule yule wa Nanenane pale Ngongo, kofia ya pama, kipaza sauti, "kilimo ni hesabu". Kama ulipita kwenye banda lake ukatoka bila kipeperushi basi ulipita usiku.

Hesabu alinipigia kwenye simu yangu mwenyewe, kwa chaji yangu. Miche 300, kila mche kilo 15, hizo kilo 4,500. Kilo moja 1,500. Jumla 6,750,000 kwa msimu. Grinihausi ya mita 8 kwa 15 anaifunga kwa 6,400,000. "Mzee, msimu wa kwanza tu banda limejilipa, na ya soda inabaki." Nikacheka. Nimelipa huku nacheka, wakuu.

Humo ndani saa sita mchana kuku akiingia anatoka ameiva nusu. Nilining'iniza kipimajoto kikasoma 43, nikadhani kibovu, nikaazima cha jirani, nacho 43. Maua yanatoka mazuri, ya njano, siku mbili kikonyo kinakauka, ukigusa kamba yanamwagika chini kama pumba. Nikampigia simu. "Ongeza mbolea." Nikaongeza. Nikapiga tena. "Ongeza imani." Imani inauzwa duka gani la pembejeo?

Ikatoka moja. Mche wa mwisho kabisa, kwenye kona, pale mbuzi wa jirani alipochana nailoni. Mke wangu alikuwa anaipitia kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto. Watoto tuliwaambia atakayeigusa ahame. Ijumaa hii ndiyo tungeikata, kila mtu aonje, mbegu niweke.

Sasa leo. Kaingia, hata hodi hakupiga. Kaiona. Kaichuma. Akaipangusa kwenye suruali, AKAING'ATA. Maji yakamtiririka kidevuni. Akatafuna anatazama juu kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Halafu akawaambia wageni: "Ina maji mengi. Huyu ni mfano wa mkulima asiyefuata maelekezo."

Kisha kikonyo akanikabidhi MIMI.

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akanipiga picha nimeshika kikonyo.

Akaing'ata wakuu. Hata kunigawia nusu hakunigawia.

Ubwiri Unga
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya kikonyo.

mama_makopa
Pole baba. Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Ila milioni sita za korosho unampa mtu kwa sababu ana kipaza sauti? Wewe na yeye nani kaing'ata nyanya ya mwenzake?

Kaka Ntwara
Hiyo nyanya ina thamani ya pikipiki mbili. Jamaa kala pikipiki mbili akasema zina maji mengi 😂😂

Mzee wa Ng'apa
Endeleeni kucheka. Hamkuona anavyotafuna.

Shamba Darasa
Nyie mnacheka, hamkusoma. Nyanya ilizaa wapi? Pale mbuzi alipochana. Huyo mbuzi ndiye mtaalamu pekee aliyefika hapo.

Banda la nailoni kuanzia paa mpaka chini kazi yake ni kutunza joto, linawafaa watu wa baridi. Sisi Lindi joto tunalo la kugawa. Chavua ya nyanya ikikutana na nyuzi 35 kwenda juu inaharibika, ua halishiki tunda, linadondoka. Mbolea haiwezi kusaidia hapo, ndiyo kwanza mche unarefuka majani. Mkuu, kunja nailoni zote za pembeni, weka neti ya wadudu, acha uwazi juu hewa ya moto itoke. Paa liache, maana hela iko kwenye paa. Masika nyanya za nje zinaoza kwa mvua na ukungu, na huku tunabaki kusubiri malori ya bara. Mnakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Kusini? Mwenye nyanya zake chini ya paa wakati ule angeuza bei anayotaka.

Na kabla ya kupanda tena, kama kuna miche ilinyauka ikiwa bado kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe unashuka kama moshi, hiyo ni mnyauko bakteria. Udongo huo usirudie nyanya, weka matango.

Mzee wa Ng'apa
Nimekuja kulalamika, sijaja darasani. Kikonyo bado ninacho mfukoni.

Shamba Darasa
Sawa. Na mbegu usingeweka. Hiyo ni chotara, ukirudia mbegu yake inakuzalia mchanganyiko usioujua.

Kaka Ntwara
Kumbe hata urithi hana 😂

Nanyamba Moja
Una bahati umepata moja. Mimi nje, bila banda, mdudu kantangaze hakuniachia hata hiyo. Majani yamechorwa mistari kama ramani ya dunia.

Mtu wa Juu
Huku Newala kuna kaubaridi, hoho zinazaa humo humo bandani bila shida. Tatizo maji. Nikipiga hesabu ya madumu, hoho moja inakunywa kuliko mimi.

mama_makopa
Mimi mtaalamu wangu alikuwa wa uyoga. "Dada, ni chumba cha giza tu, wala hauhitaji shamba." Nikamtoa mpangaji, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikaning'iniza mifuko ya pumba na mbegu za uyoga. Ikaota kuvu ya kijani tupu. Kodi sina, uyoga sina, na blanketi linanuka mpaka leo.

Ubwiri Unga
Kuvu ya kijani ni pumba hazikuchemshwa vizuri. Ila na wewe kumtoa mpangaji!

Mbaazi2017
Watoto nyie. Nyanya moja, chumba kimoja. Mimi 2017 India ilipozuia mbaazi nilibaki na magunia 11 ndani. Nilitoa kitanda ili mbaazi zilale. Tumekula mbaazi na mbaazi.

Nanyamba Moja
Usitukumbushe. Na waliouza kangomba je? Korosho ikiwa bado ua, imeshauzwa.

Fundi Nailoni
Mleta uzi, hiyo nailoni ya pembeni ukiikunja unauza? Naihitaji ya kuanikia makopa ya muhogo.

Kaka Ntwara
Turudi kwenye nyanya. Hivi aliila na chumvi?

Mzee wa Ng'apa
Bila chumvi!! Kavu kavu! Akaing'ata hivi hivi!

Bi Mikindani
Mnasumbuka na nyanya za nini? Mimi pweza wangu wa nazi simuwekei nyanya, namuwekea ukwaju.

Ubwiri Unga
Pweza bila nyanya ni mgonjwa wa hospitali huyo.

Bi Mikindani
Mwanangu, nimepika pweza kabla mama yako hajavunja ungo. Nyanya inakata tui.

Mtu wa Juu
Tui linakatika kwa sababu mnafunika sufuria. Koroga, usifunike.

mama_makopa
Bi Mikindani yuko sahihi. Ukwaju, au embe bichi msimu wake.

Mzee wa Ng'apa
Sisi nyumbani tunaweka nyanya.

Kaka Ntwara
Unazo?

Ubwiri Unga
Embe bichi kwa pweza?? Dada yangu unatoka wapi?

Fundi Nailoni
Nauliza tena, nailoni unauza au huuzi? Na huo upande wa mbuzi uwe na bei yake, siwezi kulipia tundu.